Siku moja maishani mwangu: makanga wa mashabiki wa NASCAR, Jumapili ya maili 600

Mimi ni mtu wa Mombasa, nilikuwa makanga njia ya Likoni kwenda Ukunda miaka sita. Saa hii naishi North Carolina huku Marekani na zile wikendi za mbio kubwa za magari za NASCAR nachukua kibarua Charlotte Motor Speedway, uwanja wenyewe uko Concord, nje kidogo ya Charlotte. Na kazi niliyopewa huko ni umakanga ule ule, wallahi! Kuna pikapu inavuta mabehewa mawili yasiyo na kuta, tunachukua watu kule mbali wanakoegesha magari tunawashusha karibu na geti, bure, mimi nasimama behewa la nyuma nahesabu vichwa, nashika wazee mkono wapande, nagonga bodi mara mbili dreva anaondoka.

Siku ninayowasimulia ni Jumapili tarehe 25 Mei 2025, siku ya mbio za Coca-Cola 600.

Saa 3 asubuhi

Nakula mahamri manne na mbaazi za nazi, manake nikishatoka hapa mpaka usiku wa manane ni kudokoa dokoa tu. Mfukoni naweka vizibo vya masikio, jozi tatu, moja yangu na mbili za kumpa mtu, kila mwaka kuna mtu anakuja bila na inaniuma.

Kwa wasiojua, hizi ndizo mbio ndefu kuliko zote za NASCAR. Uwanja mzunguko mmoja ni maili moja na nusu, kama kilomita 2.4, wanazunguka mara 400, jumla inapita kilomita 965. Hio ni kutoka Mombasa mpaka Nairobi na kurudi, ila barabara yote ni kushoto, kushoto, kushoto. Zimekuwepo tangu 1960. Watu hudhani mashabiki wake ni walevi tu wanaopiga kelele, na mimi nilidhani hivyo nilipokuja, mpaka nilipoanza kuwabeba.

Saa 5 asubuhi

Tripu za mwanzo ni za wale wenye mapenzi ya kweli, mbio zinaanza saa 12 jioni na wao saa 5 wako steji wanasubiri. Huku mtu hakuulizi habari za asubuhi, anakuuliza namba yako ngapi. Kila dreva ana namba na ukishachagua umechagua, dreva anastaafu, namba inapewa kijana mwingine, wewe unabaki nayo, unamrithisha mtoto.

Tripu ya pili wakapanda mzee na mkewe, nawakadiria miaka sabini hivi. Mzee ni namba 3 kutoka juu mpaka chini, kofia nyeusi ina 3, fulana ina 3, kifungo cha mkanda ni 3 kubwa ya chuma, na masharubu ameyafuga mazito kama ya mwenyewe Dale Earnhardt, dreva wa 3. Earnhardt ni mtoto wa Kannapolis, hapo jirani tu, mji wenyewe umemjengea sanamu. Alikuwa bingwa mara 7, akafariki tarehe 18 Februari 2001 kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500. Mwaka ule wote mashabiki walikuwa wakifika mzunguko wa tatu wanasimama kimya wanainua vidole vitatu, na mzee huyu akaniambia yeye hajaacha mpaka leo.

Mkewe sasa! Kavaa koti la rangi za upinde wa mvua, namba 24, koti la enzi za dreva Jeff Gordon. Kama hujui, 3 na 24 miaka ya tisini ilikuwa ni Gor na AFC, watu walikuwa hawaachiani hata chumvi. Mzee akapanda behewa la mbele, mama akapita moja kwa moja akaja kukaa nyuma na mimi.

Nikamuuliza, mama, kwani mmegombana?

"Hapana asali," akaniambia (huku Kusini mama mzee atakuita asali hata kama ndio kwanza anakuona), "siku ya mbio hatukai pamoja, ndio maana ndoa imedumu."

Mzee alisikia. Akageuka kule mbele akapaza sauti ili behewa zima lijue, wangu ameshinda mbio hizi mara tatu, 86, 92, 93! Mama hata hakunyanyua kichwa, "Na wangu mara tatu, 94, 97, 98, tena ile ya 94 ndio ushindi wake wa kwanza daraja la juu." Mzee akasema ubingwa saba. Mama akasema sawa, wangu ana nne, lakini hebu niambie kona za uwanja huu zimeinama digrii ngapi? Kimya. "Digrii 24," mama akajibu mwenyewe, na watu wakapiga makofi mpaka dreva akachungulia nyuma kuona kuna nini. Na ni kweli, zimeinama digrii 24.

Saa 7 mchana mpaka saa 10

Hapa ndio watu wanafurika na sipumziki, nitawataja tu ninaowapenda zaidi.

Kuna nabii wa mvua. Kila tripu ana mmoja. Hana habari na mbio, ana simu imefunguliwa ramani ya mawingu na anaitangazia gari nzima, wingu liko magharibi, litafika saa mbili, hapana saa tatu. Nampenda kwa sababu hasemi uongo, hofu yake ni ya haki kabisa, matairi ya haya magari ni kipara, lami ya uwanja huu ikilowa yanaitwa ndani. 2023 mvua ilisukuma mbio hizi hizi mpaka Jumatatu, 2024 zikakatwa mzunguko wa 249 na Christopher Bell akapewa ushindi, watu wakarudi makwao wamelowa chapachapa na mizunguko 151 wanadai.

Kuna wa masikio. Huyu amekodi redio ya kusikiliza mazungumzo ya dreva na fundi wake mkuu, ana hedifoni kubwa kama za rubani, amezivaa tangu kwenye maegesho na mbio bado saa tano. Kwa kuwa hajisikii mwenyewe anaongea kwa kelele, unamwambia karibu mzee songa kidogo, anakujibu WANASEMA GARI LINAVUTA KULIA.

Kuna wa kuzomea. Mmoja nilimuuliza namba yako ngapi akasema sina, mimi nimekuja kumzomea dreva Denny Hamlin. Nikadhani anatania, la hasha, amelipa tiketi, ameendesha saa sita, ana limao mfukoni la kulainisha koo. Akanieleza kwa heshima kabisa kwamba dreva asiyezomewa hajashinda vya kutosha, na ukiangalia vizuri ni sifa anampa.

Wazee wengine wana kinyongo na Toyota mpaka leo, iliingia daraja hili la juu 2007 na kwao NASCAR ni Ford na Chevrolet basi. Mmoja akaniuliza we unaonaje? Nikamwambia mzee wangu, mimi nimelelewa na Hiace, ile gari ya watu 14 nimepakia 20 na magunia ya nazi juu na ikafika, usinitafutie ugomvi. Akacheka akanipa mkono. Ndiye aliyenisimulia kwamba hii michezo ilianza na vijana wa milimani waliokuwa wakikimbiza pombe ya magendo usiku kuwakwepa polisi, sawa na chang'aa kabisa, na kwamba Junior Johnson, mtu wa huku huku North Carolina, alifungwa kwa mtambo wa babake, na Rais Reagan akaja kumsamehe rasmi 1986 akiwa tayari ni jina kubwa.

Na kuna familia za namba 23, za dreva Bubba Wallace, hizi zinaongezeka kila mwaka na mimi nikiziona moyo wangu unafunguka. Baba, mama, watoto, shangazi, wote weusi, wote na 23 mgongoni. Bubba amekulia hapa Concord, timu yake ni ya Michael Jordan na huyo huyo Hamlin anayezomewa. Aliposhinda uwanja wa Talladega 2021 alikuwa mtu mweusi wa pili kushinda daraja hili, wa kwanza ni Wendell Scott, 1963, hebu hesabu miaka hapo. Bendera ile ya Kusini ya zama za utumwa ilipigwa marufuku viwanjani 2020 tu. Kwa hivyo mimi nikimwona mtoto mdogo wa namba 23 amekaa katikati ya wazee wa namba 3 wanamwonyesha jinsi ya kushika kigari chake cha chuma ili rangi isibanduke, nasimama nawaangalia, kazi itangoja.

Alasiri ghafla behewa zima likaguna. Wote walikuwa na simu mkononi, dreva Kyle Larson alikuwa anajaribu kukimbia mbio nyingine za magari, Indianapolis 500, mchana halafu arukie ndege aje hapa jioni, maili 1,100 siku moja, na kule Indianapolis akawa amegonga. Nabii wa mvua ndiye pekee aliyefurahi, akasema basi sasa atafika kwetu mapema. Kweli alifika, masikini, na hapa pia akagonga.

Saa 12 jioni

Geti likitulia msimamizi wetu huturuhusu tuingie kwa zamu kusimama juu ya ngazi. Jukwaa nililosimama nikawaona nani, wale wazee wangu! Siti za mbali mbali zilikwisha kumbe, ikabidi wakae safu moja, lakini wameacha siti moja katikati na juu yake wameweka kiboksi chao cha barafu, mpaka wa nchi. Mama akafungua kifuko akanipa njugu za kuchemsha. Za kuchemsha na maganda yake, za chumvi, moto bado! Miaka yote Marekani sikujua Kusini wanakula njugu kama sisi, nilipoibana ile ya kwanza maji ya chumvi yakanirukia kwenye mkono nikaona kabisa niko kivukoni Likoni jioni.

Magari 40 yakaanza. Mzunguko wa tatu mzee akasimama, vidole vitatu juu, na safu mbili tatu nyuma yake watu wasiomjua nao wakasimama. Mama 24 hakusimama, lakini alivua miwani.

Mbele kabisa karibu na uzio alikaa kijana mgeni, shati jeupe, mchumba wake pembeni, amefurahi amepata siti za chini. Hakuna aliyemwambia. Matairi yakipata moto yanatupa vipande vya mpira, baada ya mizunguko hamsini shati limekuwa kanga ya vidoti na mchumba anachomoa mpira mweusi kwenye nywele. Nikateremka nikawapa zile jozi mbili za vizibo. Walinishukuru kwa ishara, hakuna sauti ya binadamu inayosikika pale.

Saa 2 usiku

Mbio zina steji nne, yaani vipande vya mizunguko mia mia, na baada ya ya pili kuna jambo ambalo silizoei. Hii ni wikendi ya kuwakumbuka wanajeshi wao waliokufa vitani, juu ya kioo cha kila gari wametoa jina la dreva wameandika jina la marehemu. Magari yote yakaingia piti, kule yanakohudumiwa, yakazimwa. Uwanja uliokuwa unatetemesha meno ukanyamaza mpaka ukasikia mtoto akikohoa upande wa pili. Yule wa masikio nikamwona ametoa hedifoni, mara ya kwanza tangu saa 7 mchana, amezishika kifuani na macho ameyafumba. Wa kuzomea naye kofia mkononi.

Saa 5 kasoro

Usiku ule William Byron alikuwa moto, kijana wa Charlotte, na namba yake ni ngapi? 24. Aliongoza mizunguko 283, steji zote tatu za mwanzo ni zake. Mama ameshapanda juu ya siti anapunga koti. Mzee wa 3 amekunja mikono, kofia imeteremka mpaka kwenye nyusi, hata njugu amekataa.

Nyuma yake Byron akaanza kuonekana Ross Chastain, namba 1. Huyu aligonga mazoezini Jumamosi, mafundi wakakesha kutengeneza gari la akiba, akaanza wa mwisho kabisa, wa 40. Ikabaki mizunguko sita, akampita.

Mzee hana habari na namba 1, maisha yake yote hajawahi kuishangilia, lakini aliruka kama mtoto wa darasa la tatu, kiboksi kikapinduka, barafu na njugu zikamwagika ngazi nzima mpaka miguuni kwangu. Hakuna aliyewahi kushinda mbio hizi akitokea nafasi ya mwisho. Chastain kwao ni wakulima wa matikiti maji Florida, akishinda anapanda juu ya gari anapasua tikiti kwenye lami, na lilipopasuka watu wakanguruma kuliko injini.

Saa 6 usiku

Tripu za kurudi watu hawaongei, ni miguu inauma. Nabii wa mvua amelala (haikunyesha). Wa kuzomea sauti imekatika, ananionyesha dole gumba.

Wazee wangu wakaja mwisho, behewa limejaa, nafasi iliyobaki ni moja na nusu. Nikawaambia songeni kidogo, wakabanana pale. Mzee hakusema neno hata moja, lakini mabega yanatikisika kwa kicheko anachokizuia, mama anamwangalia kwa pembe ya jicho. Tulipofika maegesho nikamshika mzee mkono ashuke, akasimama chini, akageuka amwinue mkewe na akashindwa kabisa, akainua vidole sita, mizunguko sita. Mama akampiga na mto wa kukalia, halafu akampa ule mto aubebe.

Nikafika nyumbani saa 8. Nilipovua viatu nikavikung'uta mlangoni, vikatoka vipande vya mpira na ganda moja la njugu.