Visu vitatu vinakutosha, tena na chenji inabaki

Watu wananiulizaga ninunue seti gani ya visu, mi nasema achana na zile seti za visu kumi na mbili, nusu yake hutagusa kabisa. Kwa sisi wa huku Mwanza chukua vitatu tu: kisu cha minofu, kisu cha kazi, na panga.

Cha minofu kiwe chembamba, kinapinda kidogo, ndo kinafuata mfupa wa sato au sangara bila kuacha nyama, nenda pale mwaloni Kirumba uangalie wale wanaopasua samaki utaelewa. Hiki nunua stenlesi, maana chuma cha kaboni kinashika makali haraka na ni rahisi kunoa ila ukikiacha na majimaji ya samaki usiku mmoja tu asubuhi kina kutu.

Sasa cha kazi, hapa ndo usibane hela. Kama unaenda visiwani Ukerewe au unalala porini, kitakata kamba, kitachonga kijiti, kitapasua kuni ndogo, kwa hiyo hakikisha chuma kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, la sivyo siku unakigonga na gogo kinavunjikia shingoni na uko mbali na duka. Kwa upande wa chapa, Mora ya Sweden ni imara hata kama chuma chake mara nyingi hakifiki mwisho, Opinel ya Ufaransa ni ya kukunja, tamu kwa matunda, kwa kuni hapana.

Panga linole kwa tupa. Visu kwa kinoo na maji, kwa pembe ya nyuzi kama 20 kila upande.