Mradi wa besi ya mjomba: nyuzi za flati zimeshafungwa

Mbao nimemaliza, shingo imesafishwa, soketi ya waya nimebadilisha, sasa tumefika kwenye nyuzi na hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu zote za huu mradi. Kwa wanaoanza kusoma leo, gitaa ni besi ya nyuzi 4, umbo la Precision (ile ya kampuni ya Fender), kutoka kichwani mpaka kwenye briji (pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili) uzi unaopiga ni inchi 34 yaani kama sentimita 86. Ni la mjomba wangu, alikuwa analipigia bendi ya dansi enzi zake, sasa linaingia kwenye kikundi chetu hapa Mtwara, tunapiga harusi, sendofu, na zile nyimbo zetu za kuchanganya magitaa na ngoma za sindimba.

Nyuzi zilizokuwepo zilikuwa raundi na kutu imezila vibaya sana. Tunakaa Shangani, upepo wa chumvi unaingia mpaka ndani ya kabati, na raundi zina vile vijimfereji kati ya waya na waya, jasho linakaa humo, chumvi inakaa humo, baada ya muda mfupi uzi umekufa. Kwa hiyo hata kabla ya kufikiria sauti tayari nilikuwa na sababu moja ya kwenda flati, zile zenye uso laini.

Maana uzi wa besi una waya wa katikati, halafu juu yake umezungushiwa waya mwingine. Kwenye raundi huo wa juu ni wa duara, ukipitisha kucha unasikia krrr. Kwenye flati umebanwa ukawa bapa kama utepe, uso wote unakuwa laini. Vidole vikiteleza havipigi kelele, freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) haziliki haraka, na ile sauti ya juu ya kengele kengele inakatika mapema, inabaki noti yenyewe, nene, fupi. Hiyo "fupi" ndo naitafuta mimi. Ngoma kubwa ya sindimba na besi vinagombania sehemu ileile ya chini, besi ikiendelea kulia wakati ngoma inaingia basi pale chini panakuwa uji mtupu. Noti ikipiga ikaondoka, ngoma inapata nafasi yake.

Na hii sio fasheni mpya. Besi za umeme za miaka ya 1950 zilikuwa zinafungwa flati, raundi za besi zilikuja kushika kasi miaka ya 1960 pale kampuni ya nyuzi ya Rotosound walipofanya kazi na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, yeye alitaka besi ing'ae kama piano. Upande wa pili kuna James Jamerson, mpiga besi wa lebo ya Motown kule Marekani, alipiga Precision ya 1962 na flati nzito za kampuni ya La Bella na alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi, labda ukatike. Kwetu huku ambako seti ya nyuzi inatoka mbali hilo ni jambo kubwa. Bei ya flati ni kubwa kuliko raundi, sikatai, lakini unafunga unasahau miaka.

Kuchagua seti sasa.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, natafuta za Jamerson. Ile seti ya La Bella inaanzia 52 mpaka 110, namba hizo ni unene kwa sehemu za elfu za inchi, yaani uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unakaribia milimita 2.8. Nilipoliangalia lile gitaa la mjomba nikaacha. Shingo ina umri, na flati ikiwa unene sawa na raundi mara nyingi inavuta zaidi kwa sababu waya bapa zinakaa zimebanana, chuma ni kingi zaidi ndani ya unene uleule, na uzi mzito ukitaka ufike noti ileile lazima uukaze zaidi. Sasa ongeza na unene wenyewe wa 110, shingo inapinda, na pale kichwani itabidi uchonge upya mitaro inayopitisha nyuzi. Kwa gitaa la kurithi sichongi kitu ambacho siwezi kukirudisha.

Thomastik-Infeld za Vienna, zile JF344, ni kinyume chake. 43 mpaka 100, laini sana mkononi, mkazo mdogo, watu wanazipenda kweli na naelewa kwa nini. Ila zinataka mkono mwepesi, mi napiga kwa nguvu, kwenye harusi unapiga usiku kucha umesimama mkono unakuwa mzito bila kujua, uzi mlegevu utagonga freti. Halafu waya wake wa juu ni nikeli na kwa upepo wetu huu nilitaka stenlesi.

Zikabaki mbili, La Bella ya 45 mpaka 105, na D'Addario Chromes ya 45 mpaka 100, zote stenlesi. Hapa nilisumbuka kweli. La Bella ina ule mdundo wa kizamani moja kwa moja. Chromes zinang'aa zaidi, kuna wapigaji wanasema hizo sio flati za kweli. Mimi naona wanakosea, wanasahau kuuliza besi inapigiwa wapi. Sisi kumbi zetu nyingi ni bati juu, sakafu saruji, spika zimewekwa pembeni ya ukuta, sauti ya chini inajizungusha yenyewe mpaka hujui noti ipi. Ukumbi kama huo ukiupelekea flati yenye giza kabisa, watu watasikia mtetemo tu hawatasikia muziki. Chromes zina kale kamwanzo ka noti kanasikika, na zikishapigwa muda zinatulia zenyewe. Nikachukua Chromes.

Kupata ni habari nyingine, madukani Kariakoo ukiulizia nyuzi za besi unapewa raundi, flati niliagiziwa na duka moja la Dar zikaja na basi mpaka huku kwetu. Ukiagiza angalia urefu. Gitaa la inchi 34 linataka zilizoandikwa loongi skeli, na kama nyuzi za gitaa lako zinapitia mgongoni kwenye mwili, ulizia kwanza, flati nyingi hazipendi kukunjwa kwa kona kali namna hiyo, ule utepe unaachana. La mjomba zinapita kwenye briji tu.

Kufunga nilifunga mmoja mmoja ili shingo isiachiwe mkazo wote kwa mara moja. Kabla ya kukata uzi, ukunje kwanza digrii 90 ndo ukate mbele ya hiyo kona, ukikata kwanza waya wa juu unaanza kufumuka na seti imekwenda. Mizunguko miwili mitatu kwenye kigingi, ishuke kwenda chini. Halafu nikabana freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja nikaangalia nafasi iliyopo kwenye freti ya 7 hivi, nataka ipite kadi ya biashara na si zaidi, kama milimita 0.3. Ilikuwa imezidi kidogo. Nikaingiza alenki kwenye chuma cha ndani ya shingo kinachorekebisha mpindo, robo mzunguko tu, nikaacha mpaka kesho yake maana mbao haina haraka.

Kutyuni kwa simu, ujue uzi wa E ni hertz 41 na maiki ya simu inahangaika nao. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, ile sauti ya filimbi ni hertz 82, simu inaishika vizuri.

Mjomba akaja kulijaribu. Nikamwamkia, akaitika, akakaa, akapiga kimya kwa muda. "Mjomba, mbona vidole havikamati?" Nikamwambia ni flati hizo, ndo zilivyo. "Basi nishushie nyuzi kidogo, ziko juu." Na alikuwa sahihi, flati ngumu zinatetemeka kwenye nafasi ndogo, unaweza kuzishusha kuliko raundi na zisigonge. Nikashusha, nikarudia kulinganisha noti ya freti ya 12 na ile ya uzi ukiwa wazi, akaendelea kupiga mpaka adhana ya alasiri.

Jambo moja la kuangalia. Tulirekodi mazoezi kwa simu tukarusha kwenye grupu la WhatsApp la kikundi, wote wakasema besi imepotea, rudisha raundi. Lakini ukumbini ilikuwepo, ilikuwa inasukuma kifua! Spika ya simu haitoi hertz 41 hata kidogo, unachosikia kwenye simu ni zile sauti za juu za uzi na sikio lako linajazia chini, sasa flati ina chache. Usihukumu flati kwa simu. Na kwenye miksa usiongeze besi, ongeza kati, kwenye hertz 700 au 800 hivi, noti inatokeza hata kwenye spika ndogo. Tulirekodi tena hivyo na kelele za grupu zikaisha.

Kilichobaki: potensho (kile kifaa cha ndani chini ya kitufe) ya volyumu inakwaruza, nitaifungua niisafishe. Na nataka kujaribu sponji chini ya nyuzi pale kwenye briji, Fender wenyewe zamani walikuwa wanaweka chini ya kifuniko cha briji ili noti ikatike mapema zaidi. Nimeshapata kipande cha sponji ya godoro, ngumu kidogo, nakikata nyembamba nianze na hiyo kwa nyimbo za sindimba tu, za dansi nakitoa.