Tafakari ya wiki: Sio kila kitu ni laana ya ukoo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, poleni na foleni. Wiki hii tukae kwenye Mwanzo, sura ya 25 mpaka 44, ni ndefu ila kwa daladala ya Mbagala kwenda Posta asubuhi unaimaliza na muda unabaki.

Siku hizi mtu akiwa na hasira, au anaficha pesa hata mkewe asijue, tunakimbilia kusema ni laana ya ukoo, apakwe mafuta. Maombi siyakatai hata kidogo. Ila mengine jamani ni malezi, mtu kayabeba tangu mdogo. Mtoto kalelewa kwa shangazi, kila siku anasikia "huyu naye anakula sana", leo ni mtu mzima ana nyumba yake Kigamboni lakini akienda kwa watu hawezi kukaa kwenye kochi dakika tano, keshainuka anakusanya sahani, na sisi tunamsifia mchapakazi. Hakuna anayemuuliza anamuogopa nani.

Angalia nyumba ya Ibrahimu. Alisema Sara ni dada yake, mara mbili, Isaka hata hajazaliwa, halafu Isaka naye kafika Gerari anasema hivyohivyo kuhusu Rebeka (26:7). Isaka akampenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo (25:28), na Yakobo aliyekulia humo kwenye mafungu mawili, ungetegemea awe mwangalifu, yeye ndo anamtengenezea Yusufu kanzu peke yake na wenzake wanaangalia, mpaka wakashindwa kuongea naye kwa amani (37:4). Kwetu kanzu ni paja la kuku. Mama anapakua, kila Jumapili paja la fulani, nyie wengine shingo na miguu, hakuna anayesema kitu ila kila mtu anahesabu, alafu siku ya kugawana kiwanja cha marehemu mzee kule Chanika watu wanashikana mashati wakidhani wanagombania kiwanja.

Sasa Yuda, kaka yake Yusufu. Ndiye aliyetoa wazo Yusufu auzwe, akaishia Misri. Piga hesabu: Yusufu alikuwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao ana 30, weka 7 ya shibe na 2 ya njaa, kama miaka 22 imepita mpaka ndugu zake wanakuja Misri kununua chakula, wanasimama mbele yake bila kumjua, naye anataka kumbakiza Benyamini, mdogo wake, awe mtumwa. Baba kabadilika? Wapi! Mzee bado anasema mke wangu alinizalia wana wawili (44:27), yaani Yusufu na Benyamini wa Raheli, kana kwamba Lea, mke wake mwingine, hakuwahi kuwepo, na anayeyarudia maneno hayo mbele ya Yusufu ni Yuda mwenyewe, mtoto wa Lea! Anayasema bila kinyongo, anamalizia kwa kuomba abaki yeye mtumwa, kijana arudi kwa baba yake.

Katikati hapo kuna sura ya 38, ile tunayoiruka watoto wakiwepo. Yuda alifiwa na wana wawili, Eri na Onani, akawa anamzuia Shela, mwanawe wa tatu, asiozwe kwa Tamari, mjane wa hao wawili, akihofia naye atakufa. Nadhani hapo ndo alimwelewa mzee wake aliyekuwa anaogopa kumpoteza Benyamini, yaani mzazi mwenye hofu anavyokuwa. Na Tamari alipomuumbua kwa kuonyesha kwamba mimba aliyonayo ni ya Yuda, Yuda alikiri mbele ya watu kwamba huyu ana haki kuliko mimi. Simaanishi kwamba upendeleo ule ulikuwa sawa, ulikuwa mbaya na unabaki mbaya, ila Yuda hakusubiri mzee abadilike ndo naye abadilike.

Jumatano kwenye jumuiya tutasoma 44:18-34 kwa sauti, kila mtu aje amefikiria kwao paja lilikuwa la nani na leo kwake anampakulia nani. Tusianze tu kuwasema wazazi wa watu, tafadhali. Na kama yaliyokupata utotoni ni mazito, kupigwa, kuingiliwa, sio lazima uyaseme mbele za watu, mtafute mchungaji pembeni au mshauri nasaha, na hata mkianza kidogokidogo sio mbaya.