Jinsi nilivyosafisha faili za LaTeX kabla ya kutuma muswada

Usiku wa kuamkia siku ya kutuma muswada, nikiwa nyumbani Sinza, niligundua kwamba faili zangu za LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi kwa amri zinazoandikwa ndani ya faili, zilijaa maoni ya faragha, mengine makali kupita adabu, yaliyofichwa nyuma ya alama ya %, ambayo huufanya mfumo huo upuuze maneno yanayoifuata kwenye mstari. Niliiagiza kompyuta ifute kila kitu kuanzia alama hiyo hadi mwisho wa mstari; kumbe "45\% ya kaya", ambapo \% ni alama ya asilimia ya kuchapishwa wala si mwanzo wa maoni, ikabaki "45\", na sentensi ikakatika. Nilirudisha nakala ya akiba, nikatumia programu ya latexpand, ambayo huunganisha faili zilizoitwa kwa \input (amri ya kuingiza faili moja ndani ya nyingine) na kuondoa maoni pasipo kugusa \%. Kisha nililinganisha PDF mbili, ya kabla na ya baada ya kusafisha, ukurasa kwa ukurasa. Tofauti pekee ilikuwa tarehe, kwani saa sita ilikwishapita.