Carnforth, stesheni ya Brief Encounter

Hii safari nilikua nayo kichwani tangu winta yangu ya kwanza Uingereza. Jumapili moja mchana, nje theluji, mi nimejifunika blanketi, kwenye tivii wakaweka picha ya zamani ya 1945, nyeusi na nyeupe, inaitwa Brief Encounter. Kizungu chao kile cha kizamani nusu kilinipita, lakini inaisha mi nalia. Mama wa watu kaolewa, ana watoto wawili, daktari nae ana mke wake, wamekutana stesheni kwa sababu mama kaingiwa na kichembe cha moshi wa treni jichoni, daktari akamtoa na ncha ya leso, basi ndo ikawa kila Alhamisi wanaonana mpaka ikawa mapenzi, na mwisho wake kila mtu anarudi kwake.

Sa juzi Jumamosi nikamwambia dada mmoja wa Mombasa nafanya nae kazi hapa Leeds, dada twende Carnforth, stesheni walikopigia ile picha, nikakuonyeshe kitu. Akasema mdogo wangu mi nakufata tu. Treni ya kwanza ikafutwa, tukakaa na baridi zaidi ya saa nzima, vidole havisikii kitu, tangazo linarudia kuomba radhi. Ilipokuja ni mabehewa mawili tu. Skipton, Hellifield, Clapham, Bentham, njia nzima kondoo na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji zinapanda mpaka juu mlimani. Treni yenyewe mwisho wake Morecambe, na mi roho inadunda kwa sababu kwenye ile picha vibao vya stesheni vinasoma Leeds, Bradford, Morecambe, Lancaster, ingawa kwenye hadithi stesheni inaitwa Milford Junction na inatakiwa iwe huko kusini karibu na London. Mkurugenzi David Lean wala hakuvificha.

Na kwanini walikuja kupigia picha huku mbali? Vita. Ilikua Februari 1945, London bado inapigwa maroketi ya Wajerumani, na wao wanataka kufanya kazi usiku na mataa makubwa yamewaka, kitu ambacho kule kusini kisingewezekana. Carnforth iko kaskazini magharibi, mbali na ndege za adui, kukitokea hatari kuna muda wa kuzima taa zote. Alafu kutoka jukwaa moja kwenda lingine unapita chini ya reli, na kushuka kule hakuna ngazi, ni mteremko. Pale ndo Celia Johnson, aliyecheza yule mama, anapokimbia kuwahi treni yake. Tuliushuka ule mteremko mara tatu, dada akaukimbia na viatu vyake vya kisigino kabisa.

Saa ya kwenye picha iko palepale, kubwa, ina nyuso mbili, inaning'inia juu ya jukwaa. Kila anaeshuka anasimama chini yake apigwe picha, na sisi tukapigwa.

Mgahawa umetengenezwa ufanane na ule wa kwenye picha. Ule wenyewe ulijengwa studio, Denham, kwaiyo hapa ndani waigizaji hawakukaa, ila kaunta ile, birika kubwa la chai, vikombe vizito vyeupe, vyote vinakurudisha kule. Jengo lilikua limechakaa vibaya likakarabatiwa, likafunguliwa upya 2003, na kuna chumba kidogo picha inaonyeshwa humo, inaisha inaanza tena. Tukakaa tukaiangalia yote. Waingereza wa wakati ule walikua wanaenda sinema sisi hatuwezi kufikiria, mwaka 1946 peke yake zilikatwa tiketi zaidi ya bilioni 1.6, nchi ya watu hata milioni 50 hawafiki.

Ile sehemu ya kuagana ndo naona hakuna mtu ameshawahi kuifanya vizuri kama Lean. Wamekaa mezani dakika zao za mwisho kabisa, wakitoka hapo hawaonani tena maisha yote, anaingia shoga yake mama, mwanamke wa maneno mengi, anavuta kiti anakaa, anaongea anaongea. Hawawezi kusema chochote. Treni ya daktari inatangazwa, anasimama, anamwekea mama mkono begani, anambinya kidogo, anatoka. Basi! Hakuna busu, hakuna kukumbatiana, ni mkono tu wa koti begani, na uso wa yule mama haubadiliki kwa sababu shoga yake anamwangalia. Nilimgeukia dada, leso iko machoni.

Alafu kwenye picha mama anatoka mbio nje, treni ya kasi isiyosimama inapita, mataa ya madirisha yanampiga usoni moja moja. Tumetoka nje kusubiri treni yetu, giza limeshaanza, nikasikia reli zinaita. Treni za London na Scotland zinapita hapahapa hadi leo na hazisimami, upande wao majukwaa yalitolewa 1970. Ikapita. Upepo wake ukanisukuma nyuma nikamshika dada mkono, madirisha ya njano fyuu fyuu fyuu, ikaisha, kimya, karatasi moja inazunguka chini. Miaka 80 hivi na ni sauti ileile, nikajua kwanini Lean hakuweka maneno pale.

Dada akaniuliza, hivi yule daktari alienda wapi? Nikamwambia Afrika, Johannesburg, kapata kazi hospitali. Akanyamaza kidogo, akasema na huyu mama hata barua hakuna. Treni ya Leeds ikaja, tukapanda, akaegemea dirisha akalala mpaka Skipton.