Siku moja maishani mwangu: napamba Krismasi za watu

"Kazi ya kuning'iniza mipira." Ndivyo shemeji yangu anavyoiita kazi yangu, na kila akisema hivyo huwa yeye amekaa, mimi nimesimama. Mwaka mzima napamba: sendofu, kicheni pati, maharusi, futari za Ramadhani. Ikiingia Desemba nahamia majumbani mwa watu kupamba Krismasi. Hii ni siku moja tu, tarehe 17 Desemba, nimeiandika usiku uleule miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Saa 11 alfajiri

Azana ya msikiti wa jirani hapa Tandika ndiyo saa yangu. Ndiyo, mimi ni Muislamu, na wapo wateja ambao wakiniona mlangoni na hijabu huuliza kwa upole kama mimi ndiye yule fundi wa mti. Ndiye. Naswali, nakunywa chai, nakagua begi: plaisi mbili, tesita, tepu nyeusi, mkasi, waya mwembamba wa kufungia, futikamba, adapta nne, panadol.

Saa 12 na nusu

Daladala ya Kariakoo. Nimesimama mguu mmoja.

Saa 1 asubuhi

Desemba ukichelewa Mtaa wa Kongo umekwisha. Ikifika saa nne hapapitiki: machinga wamepanga kofia nyekundu za manyoya mpaka katikati ya barabara, na jua la Dar linazipigia mayowe. Sijawahi kuelewa kofia zile. Mtu anatokwa jasho mgongoni, kichwani amevaa nguo ya kwenye barafu.

Nanunua riboni, mipira ya dhahabu na nyekundu, shada la mlangoni, na taa boksi tano za mia mia kwa ajili ya baraza na madirisha. Taa sinunui bila kuwashiwa. Muuzaji wangu kanizoea lakini bado analalamika, "Dada, utanimalizia umeme." Uishe tu, ila hanipi boksi bovu. Nyingi ya taa hizi zimeungwa kwa kufuatana, kwa hiyo moja ikilegea mahali pake inaweza kulala na wenzake wote, na wewe unabaki juu ya ngazi unatafuta moja kati ya mia huku mwenye nyumba anakutazama kama mwizi.

Saa 2 na nusu

Kirikuu, ngazi juu, mimi na dogo msaidizi wangu tumebanwa na mifuko. Mwenge foleni. Naomba nisiseme zaidi.

Saa 4 asubuhi, Mbezi Beach

Nyumba nzuri, bustani, mlinzi mcheshi. Mama mwenye nyumba ananipokea na maneno ambayo kwa miaka hii nimejifunza kuyaogopa: "Karibu dada. Leo kazi yako nyepesi. Mti ninao, mdogo wangu kautuma kutoka Marekani, na taa zake zimo humohumo. Kwa hiyo hata bei tutaiangalia."

Bei tuliyokubaliana kwenye simu ni laki tatu. Hapo sijafungua hata zipu ya begi.

Sebuleni kwenye kochi amekaa bibi, mama mkwe wake, ameshuka kutoka Rombo kwa ajili ya kliniki. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unakuja kuusimamisha huu?" Akaonyesha kwa kidole boksi refu kama kitanda cha mtoto.

Boksi limeandikwa futi 9, taa 900. Nikatoa futikamba. Kutoka sakafuni mpaka dari: sentimita 275. Futi 9 ni sentimita 274.

"Mama, inabaki sentimita moja ya kuweka nyota."

"Itaenea tu."

Nyota yenyewe ni ndefu kuliko kiganja changu.

Hapa niwaeleze kitu ambacho hakuna anayekiona kwenye picha. Mti wa plastiki hautoki kwenye boksi ukiwa mti. Unatoka umebanwa kama mwavuli, vipande vitatu na miguu ya chuma. Kila tawi unalikunjua, halafu kila kijitawi unakigeuza, kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja kinakutazama. Ukiruka hatua hii mti wako utafanana na fagio la chelewa, hata uuvike dhahabu ya Geita yote. Kwa futi 9, watu wawili, ni saa nzima na ushei, na ncha za waya zinakuchora mpaka kwenye viwiko. Shemeji yangu aje aone mipira inavyoning'inizwa.

Nilipofika chini kabisa ndipo nikaiona plagi. Pini mbili bapa, na kikaratasi kidogo kimeshonewa kwenye waya: 120V.

"Mama, mti huu usichomekwe."

"Kwa nini? Adapta ninayo."

"Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme haiubadilishi. Kwao majumbani ni volti 120, kwetu 230. Taa hizi zitaungua."

Akatoa simu yake. "Hii nayo imetoka hukohuko. Nachaji hapahapa kila siku."

Swali zuri, na nililijibu vizuri. Chukua chaja ya simu uisome: imeandikwa 100 mpaka 240. Imetengenezwa ipokee umeme wa huku na wa kule. Hizi taa zimeandikwa namba moja tu, hazijui kingine. Tunaweza kutafuta transfoma ya kushusha umeme, maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo wanazo, au tuweke taa zetu juu ya hizi. Akasema atamtuma mpwa wake kesho atafute hiyo transfoma. Tukakubaliana. Bibi akatikisa kichwa, akarudi kwenye usingizi wake.

Nikatoka barazani na dogo kufunga taa za nguzo. Tuko nguzo ya pili, mimi juu ya ngazi na tepu mdomoni, nikaona dirisha la sebule limepata mwanga ambao siujui.

Lazima niseme ukweli: ulipendeza. Kwa muda wa kupepesa jicho ule mti uliwaka mweupe, mkali, kila tawi, kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Kisha tukasikia pa-pa-pa-pa kama bisi kwenye sufuria, harufu ya plastiki, na meni swichi ikajitupa chini. Feni kimya. Friji kimya. Televisheni kimya.

Nikaingia. Mama mwenye nyumba amesimama na adapta mkononi.

"Dada, mbona umeniunguzia mti?"

"Mama, mimi nilikuwa nje."

"Si ungenieleza vizuri."

Nilifungua mdomo, na namshukuru Mungu kwamba aliyesema si mimi. Kwenye kochi bibi hakufumbua hata macho. "Alikueleza. Mimi nilikuwa hapa."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko huo mti.

Kuanzia saa sita

Nikashauri tuziache taa zilizoungua zibaki ndani ya matawi, tuzungushe mpya juu yake. Hapana, zitaonekana, anataka waya wote utoke. Sasa taa za mti wa aina hii hazikuzungushwa, zimebanwa: kila balbu ina kishikizo chake cha plastiki kwenye tawi, na waya umesokotwa kurudi ulikotoka. 900. Mimi juu, dogo chini, plaisi kwa plaisi. Kata, vuta, kata, vuta. Ukivuta kwa hasira unang'oa na majani, kwa hiyo unalazimika kuwa na adabu kwa kitu kisichokuwa na adabu kwako. Umeme ulirudi lakini feni ilizimwa kwa sababu inapeperusha majani ya plastiki kwenye zulia. Joto la Desemba mnalijua. Hijabu imelowa, vumbi la kung'aa kutoka kwenye mipira limeganda shingoni, nimekuwa pambo mwenyewe.

Kanuni yangu ni taa mia kwa kila futi ya mti. Maana yake nahitaji boksi tisa, na nilizonazo ni tano, tayari mbili ziko kwenye nguzo. Nikampigia muuzaji wangu wa Mtaa wa Kongo, nikamtumia hela kwa simu, hela yangu, naye akampa bodaboda mzigo. Alipofika Mwenge mvua ya vuli ikashuka. Si manyunyu, mvua. Bodaboda akajificha chini ya kibanda, kila nikipiga anasema, "Nakaribia dada." Saa nzima anakaribia.

Katika saa hiyo bibi ndiye aliyeniweka hai. Alinisimulia walivyokuwa wanapamba Rombo: tawi la msaiprasi kwenye ndoo ya mchanga, pamba ya dukani imechambuliwa ndiyo theluji, maputo matano, kadi za ndugu zimetundikwa kwenye uzi toka ukuta mpaka ukuta. Theluji ya pamba, na ile ya kweli wanaiona dirishani juu ya Kibo! Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia kwetu pwani jirani zetu Wakristo walikuwa wanakata tawi la mvinje, na mimi mtoto nilikuwa naenda kuwasaidia kwa sababu ya kupenda gundi. Nadhani kazi yangu ilianzia hapo, ingawa sikuwahi kufikiria hivyo mpaka aliponiuliza.

Dada wa kazi alituletea ubwabwa na maharage. Saa ngapi sijui. Nane? Tisa? Nilikula nimesimama, nikikaa nisingenyanyuka.

Baada ya hapo

Sina tena habari na saa. Najua boksi za taa zilifika zimelowa nje, ndani kavu. Najua tulizichomeka zote kabla ya kuzipandisha, na zote ziliwaka, na dogo akapiga makofi peke yake. Taa huanzia ndani karibu na shina, unazungusha ukitoka nje, ukirudi ndani, ndipo mti unapata kina. Ukizizungusha nje tu kama kamba ya ng'ombe, utaonekana umefungwa. Halafu riboni. Halafu mipira mikubwa ndani, midogo kwenye ncha. Halafu nyota, ambayo niliiweka mara tatu, mara zote tatu dari likakataa, mwisho nikaifunga kwa waya ikiwa imelala kidogo upande wa kulia.

"Si nilikwambia itaenea," akasema mama mwenye nyumba.

Magharibi ilinikuta bado napanga shada la mlangoni. Nikaswali chumba cha wageni, kitambaa changu kimeacha vumbi la dhahabu kwenye mkeka wao.

Kisha hesabu. Laki tatu ya makubaliano, na hela ya taa za ziada na bodaboda. Akahesabu laki mbili na ishirini. "Nyingine tutamalizana nikirudi kutoka Moshi." Wanaondoka tarehe 21, baada ya sherehe yao ya nyumbani, familia nzima, kwenda kuhesabiwa kama ilivyo ada ya Wachaga. Yaani Krismasi yenyewe mti huu utatazamwa na mlinzi na mbwa. Nilipomwambia mlinzi akasema, "Basi sikukuu yangu hiyo, dada. Niwekee na zawadi chini."

Bibi aliniita pembeni. "Mwanangu, kwetu mtu akikosea analeta sale, lile jani, ndipo mnazungumza. Hapa kwenye bustani yao wamepanda maua ya kizungu matupu." Akamwamuru dada wa kazi anitilie ndizi mshare kwenye mfuko, nusu ya mkungu. Dogo alizibeba begani mpaka kituoni akiguna.

Usiku

Saa nne nimetia miguu kwenye beseni, simu ikaita. Yeye.

"Dada, taa zako zimezima zote!"

Moyo ukashuka mpaka kwenye maji. Boksi tisa, nimezijaribu zote, waya wa nje nimeufunga tepu mara mbili, mvua imeingia wapi?

"Mama, na taa ya sebule?"

"Nayo imezima."

"Na friji?"

Kimya.

"Mama, hebu kaangalie LUKU."

Nikasikia kandambili zinaburuzwa kwenye korido ndefu, mlango, kandambili tena.

"Inasoma sifuri."

"Basi nunua umeme, mama."

Akakata. Dakika kumi baadaye ikaingia picha. Mti unawaka kutoka chini mpaka juu, kina kwa kina, na nakiri sijapamba mzuri kama huo mwaka huu. Nikamwonyesha mume wangu, nikamwonyesha na shemeji yangu, aliyekuwa amekaa. Chini ya picha mama alikuwa ameandika:

"Zimewaka. Lakini dada, mbona nyota imeinama?"