Ukingo wa Lami Njia ya Wesha

Mvua za masika mwaka ule ziliikwangua njia ya Wesha, kisiwani Pemba, karibu na skuli niliyokuwa nikisomesha, hata udongo wa pembeni ukaondoka wote na lami ikabaki na ukingo uliosimama wima, urefu wa shubiri nzima. Wenye magari hawakuuona. Wenye baiskeli waliujua vyema, na ami yangu aliujua kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mchuuzi wa samaki aliyekwenda Wesha kila alfajiri na kurudi sokoni Chake Chake na tenga lililojaa, limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu.

Asubuhi moja lori la mchanga lilimpigia honi kutoka nyuma, naye akateremka pembeni kulipisha. Kupisha hakukumpa taabu. Taabu ilikuwa kurudi. Gurudumu la mbele lilipougusa ukingo halikupanda, likawa linausugua tu, na huku mzigo unamsukuma, baiskeli ikamshinda, akaangukia kulia, juu ya lami, mbele ya daladala. Dereva aliwahi breki. Ami akavunjika mtulinga.

Siku ya pili yake sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alituita barazani kwake, na mazungumzo yakaenda kule yanakokwenda siku zote: kwamba wapanda baiskeli hawana taa, hawageuki nyuma, wafundishwe. Mpaka leo nakereka ninaposikia mtu aliyeangushwa na barabara mbovu akiambiwa awe mwangalifu, kisha kikao kikafungwa. Ami, mkono umefungwa kwa kanga, alingoja wamalize.

"Bwana Sheha, dereva simlaumu, na hospitali alinipeleka yeye mwenyewe. Naomba twende tukaione ile njia."

Tulikwenda sote. Pale alimwomba yule dereva wa daladala apande baiskeli tupu, ashuke pembeni, kisha arudi juu bila ya kusimama. Dereva, kijana mwenye nguvu zake, alijaribu, gurudumu likakwangua ukingo, akatia mguu chini. Alijaribu tena, ikawa vile vile.

"Ami, sasa nimefahamu," alisema. "Nikipiga honi nikidhani nakupa nafasi, kumbe nakutia shimoni."

Jioni ile sheha aliniagiza niandike barua kwa ofisi inayohusika. Tuliomba bega la barabara lijazwe na kushindiliwa hadi usawa wa lami, na magari yapunguze mwendo kwa matuta mbele ya skuli. Ombi hili la pili wengine waliliona ni kubwa mno. Miaka mingi baadaye, mwaka 2020, mawaziri wa nchi mbalimbali waliokutana Stockholm walikubaliana kwamba pale ambapo magari yanachanganyika na waendao kwa miguu na wapanda baiskeli, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Wazee wetu walikuwa wameyataka hayo hayo bila ya kuyatajia namba.

Jawabu ilichelewa, tukajaza kifusi wenyewe kwa majembe na mapakacha. Vuli ilikuja ikakichukua, kwa kuwa maji ya kilimani hayakuwa na pengine pa kupita isipokuwa ukingoni mwa lami. Mafundi walipofika hatimaye, ami ndiye aliyewaonyesha yanakoanzia, wakachimba mtaro kwanza ndipo wakashindilia kifusi, na mara hii kikakaa. Matuta yalikuja mwaka uliofuata.